Kila punje ya hindi huanzia kwenye ovuli: Sababu ya mapengo kwenye magunzi ya Kitale na Bungoma

WAKULIMA wengi wa Kitale na Bungoma wamewahi kukumbana na jambo hili wakati wa mavuno. Hindi linaonekana nono kwa nje na linajaa mkononi, lakini maganda yanapoambuliwa, gunzi linatokea likiwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Wengine hulaumu mbegu, wengine mbolea, na wengine mvua iliyokatika kabla ya wakati.

Huenda kila lawama ikawa na ukweli wake. Hata hivyo, zote huishia mahali pamoja: kwenye kijisehemu kidogo ndani ya ua la kike ambacho wataalamu wa mimea hukiita ovuli.

Ovuli ni mbegu kabla haijawa mbegu. Kila punje ya hindi, kila harage na kila kokwa ya embe ilianza kama ovuli. Ikitungishwa na kulishwa vyema, huwa mbegu. Isipotungishwa, hunyauka na kuacha pengo. Kwa hivyo, mkulima anayeelewa ovuli anaweza kusoma gunzi lake na kujua shamba lilikosea wapi. Aidha, anaweza kuelewa jambo ambalo limewagharimu wengi: kwa nini mbegu ya maharagwe inaweza kuwekwa kutoka mavuno ya nyumbani, ilhali punje ya hindi chotara ikirudishwa shambani huvunja moyo.

Jambo hili lina uzito katika maeneo hayo mawili. Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, iko katika nyanda za juu zipatazo mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kaunti hiyo huhesabiwa miongoni mwa maghala ya chakula nchini Kenya. Bungoma iko chini zaidi, na huko shamba dogo huwa na mahindi na maharagwe pamoja, miwa kando, na kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kwa familia nyingi, hesabu ya ovuli zilizofaulu ndiyo hesabu ya magunia.

Ovuli hukaa wapi?

Ua kamili huwa na sehemu za kiume na za kike. Sehemu ya kiume ni stameni, ambayo hutoa unga wa chavua. Sehemu ya kike ina stigma juu, ambayo hupokea chavua. Kisha shingo nyembamba. Na chini kabisa ovari, ambayo ni kama chumba kilichofungwa. Ovuli hukaa ndani ya chumba hicho, zikiwa zimeshikamana na ukuta wake au nguzo ya katikati.

Baada ya utungisho, kazi hugawanyika. Ovari hukua na kuwa tunda. Ovuli hukua na kuwa mbegu. Ndiyo maana idadi ya mbegu haiwezi kamwe kuzidi idadi ya ovuli zilizokuwemo. Ovari ya parachichi ina ovuli moja, na tunda lake lina kokwa moja. Ovari ya kahawa ina ovuli mbili, na tunda lake kwa kawaida lina buni mbili zilizotazamana. Ovari ya harage ina ovuli chache zilizojipanga kwa mstari, na anayemenya maharagwe mabichi huuona mpangilio huo moja kwa moja. Papai na nyanya zina ovuli kwa mamia.

Mhindi ni tofauti kidogo. Mmea huo umetenganisha maua yake. Mbelewele iliyo kileleni ni mkusanyiko wa maua ya kiume, nayo mahindi yanayochipuka ubavuni mwa shina ni mikusanyiko ya maua ya kike. Kila ua la kike lina ovari moja, na kila ovari ina ovuli moja tu. Mpangilio wa maua hayo ni wa jozi, na kwa sababu hiyo mistari ya punje kwenye hindi la kawaida huwa ni shufwa: 12, 14 au 16. Ni nadra sana kupata hindi lenye mistari 13.

Muundo wa ovuli

Ingawa ovuli ni ndogo, imejengwa kwa utaratibu. Kwanza ipo funikuli, yaani kikonyo kinachoiunganisha na ovari. Kupitia kikonyo hicho mmea mama huilisha ovuli maji na chakula, kama mtoto anavyolishwa kupitia kitovu. Mbegu inapokomaa na kukatika, mahali pa kikonyo hubaki kovu. Lile jicho linaloonekana ubavuni mwa harage ndilo kovu hilo.

Katika karakara, ambayo hukuzwa pia Trans Nzoia, kikonyo hufanya kazi ya ziada. Baada ya utungisho huota kifuko chenye maji matamu kinachoizunguka mbegu. Anayekunywa sharubati ya karakara hunywa kilichotokana na vikonyo vya ovuli.

Pili, kuna integumenti, yaani vazi la ovuli. Mimea mingine ina vazi moja na mingine ina mawili. Mhindi na mharagwe yana mawili, ilhali alizeti ina moja. Mbegu inapokomaa, vazi hilo ndilo huwa ganda lake.

Tatu, vazi hilo halifungi kabisa. Kwenye ncha huacha tundu dogo liitwalo mikropaili. Huo ndio mlango ambao kwa kawaida mbegu ya kiume huingilia. Tundu hilo hubaki hata baada ya mbegu kukauka. Anayetaka kuliona na aloweke harage usiku kucha, alipanguse, kisha alibane kwa vidole: tone dogo la maji litachomoza karibu na lile jicho. Ndipo mlango ulipo.

Nne, ndani ya vazi kuna nusela, yaani nyama ya ovuli yenyewe. Kwa mimea mingi nusela huliwa yote mbegu inapokua. Lakini katika baadhi ya machungwa, malimau na maembe, seli za nusela huweza kuzaa miche bila utungisho wowote. Hiyo ndiyo sababu mbegu moja ya limau huweza kuchipua miche miwili au mitatu, na baadhi yake hufanana na mama kwa kila hali.

Tano, kwenye kitako cha ovuli, mkabala na mlango, kuna kalaza. Hapo ndipo vazi na nusela hukutana, na ndipo mishipa ya chakula hufikia. Kwa mkulima wa mahindi, kalaza ina umuhimu wa pekee utakaoelezwa baadaye.

Hatimaye, katikati ya nusela kuna kifuko cha kiinitete. Seli moja hugawanyika kuwa nne. Tatu hufa na moja husalia. Hiyo iliyosalia hugawanya kiini chake mara tatu hadi vinapatikana viini 8, ambavyo katika mimea mingi hupangwa ndani ya seli 7. Moja kati ya seli hizo, iliyo karibu na mlango, ni yai. Nyingine kubwa ya katikati hubeba viini viwili.

Aina za ovuli

Wataalamu huzigawa ovuli kulingana na jinsi zinavyokaa juu ya vikonyo vyao, na mara nyingi hutaja aina sita.

Aina ya kwanza ni ovuli wima. Kikonyo, kitako na mlango viko kwenye mstari mmoja ulionyooka, mlango ukitazama juu. Pilipili manga, kiungo kinachojulikana sana Pwani na Zanzibar, ina ovuli ya namna hii.

Ya pili ni ovuli iliyopinduka. Hii imegeuka kichwa chini hadi mlango wake unakaribiana na mahali kikonyo kilipoanzia. Ndiyo aina iliyoenea zaidi katika mimea inayotoa maua; alizeti, kahawa na karakara zimo. Kupinduka huko kuna faida, kwa sababu chavua hufika ikitambaa kwenye ukuta wa ovari, na mlango uliougeukia ukuta huo huwa karibu.

Ya tatu ni ovuli iliyolala. Haikupinduka kabisa, bali imeinama hadi ikakaa mraba na kikonyo chake, kama mtu aliyelala juu ya nguzo.

Ya nne ni ovuli iliyopinda. Hapa mwili wenyewe wa ovuli umejikunja kama mwezi mchanga, mlango na kitako vikasogeleana. Hii ndiyo ovuli ya harage, na umbo la harage ni ushahidi wake. Mkunjo tunaouona mkononi ulikuwepo tangu mbegu ilipokuwa ndogo kuliko kichwa cha sindano.

Ya tano hukunjwa zaidi, hadi kifuko cha kiinitete chenyewe kinachukua umbo la kiatu cha farasi.

Ya sita ni ovuli iliyozungushwa. Kikonyo chake ni kirefu, nacho huizunguka ovuli kama kamba inayofunga mzigo. Mfano wake ni mpungate, ule mmea wa miiba uliovamia malisho ya Laikipia. Ugumu wa mbegu zake hutokana na kikonyo hicho, ambacho huigeuzia mbegu ngozi ya pili.

Mhindi, kama nafaka nyingi, haukai sawasawa ndani ya aina yoyote ya hizi. Ovuli yake imeinama bila kupinduka kabisa, na wataalamu huiweka kati ya iliyopinduka na iliyopinda.

Uzi mmoja, punje moja

Nywele zinazochomoza kwenye ncha ya hindi si pambo. Kila unywele ni stigma na shingo ya ua moja, na mwisho wake wa ndani umeshikana na ovari moja yenye ovuli moja. Hindi moja huweza kuandaa ovuli kati ya 500 na 1,000, na kila moja hutuma unywele wake nje kutafuta chavua.

Nywele hizo hurefuka kwa kasi, sentimita kadhaa kwa siku. Zile za ovuli zilizo kitakoni mwa hindi hutangulia kutoka, na za kileleni huja mwisho. Chavua ikidondoka juu ya unywele, huota neli nyembamba inayopenya ndani na kuteremka hadi kwenye ovuli kwa muda wa takriban siku moja. Neli hiyo hubeba mbegu mbili za kiume.

Hapo hutokea utungisho maradufu. Mbegu moja ya kiume huungana na yai na kufanya kiinitete, yaani mche mdogo ulio ndani ya punje. Ya pili huungana na ile seli ya katikati na kufanya akiba ya chakula, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya unga wa ugali. Siri hii ilifichuliwa mwaka wa 1898 na mwanasayansi Mrusi Sergei Nawaschin, na mwaka uliofuata Mfaransa Léon Guignard akaeleza jambo hilo hilo.

Mbelewele moja hutoa chavua kwa mamilioni, kwa hivyo uhaba wake huwa nadra. Tatizo kubwa ni wakati. Chavua ya mhindi haiishi muda mrefu; katika joto kali na hewa kavu hufa baada ya muda mfupi tu. Mbelewele moja humwaga chavua kwa muda wa wiki moja hivi, hasa asubuhi. Ukame ukija, mbelewele haingoji, lakini nywele huchelewa kutoka kwa kukosa maji. Zinapotoka, chavua imekwisha kupeperuka.

Katika nyanda za Kitale, ambako mahindi ya msimu mrefu hupandwa mwezi wa Machi au Aprili, dirisha hilo la hatari huangukia karibu mwezi wa Julai. Bungoma, ambako joto ni zaidi na wengi hupanda mbegu za muda wa kati, huja mapema kuliko hapo. Mvua ikikatika kwa wiki mbili katika kipindi hicho, hasara yake haiwezi kufidiwa na mvua ya baadaye, kwa maana ovuli iliyokosa chavua haipati nafasi ya pili.

Wadudu nao huchangia. Viwavijeshi wa aina ngeni waliothibitishwa nchini Kenya mwaka wa 2017 hawali majani pekee. Wanapokata nywele kabla hazijapokea chavua, hukata njia ya ovuli.

Kusoma gunzi

Kwa bahati nzuri, mkulima anaweza kujua hali ya ovuli zake hata kabla ya mavuno. Siku chache baada ya ovuli kutungishwa, unywele wake hukatika kutoka kwenye punje changa. Mkulima na achukue hindi changa, apasue maganda kwa uangalifu bila kung'oa nywele, kisha alitikise taratibu. Nywele za ovuli zilizotungishwa zitadondoka. Zitakazobaki zimeng'ang'ania ni za ovuli ambazo bado hazijapata chavua.

Wakati wa mavuno, mapengo yenyewe hueleza kisa chake. Mapengo yaliyotapakaa kila mahali huashiria kwamba uchavushaji uliharibika, labda kwa joto, ukame au wadudu waliokata nywele. Kilele kitupu kisicho na hata dalili ya punje huashiria kwamba nywele za mwisho zilichelewa. Lakini kilele chenye vipunje vidogo vilivyosinyaa ni habari tofauti. Hapo ovuli zilitungishwa, kisha mmea ukashindwa kuzilisha ukazitupa, ukianza na zile za mwisho. Huo ni upungufu wa maji, wa mbolea ya kukuzia, au wa majani yaliyoharibiwa na magonjwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Mkulima wa kwanza anahitaji kufikiria tarehe ya kupanda na udhibiti wa wadudu. Wa pili anahitaji kufikiria rutuba ya udongo. Wakipewa ushauri mmoja, mmoja wao atapoteza fedha.

Kitale na mbegu chotara

Ujuzi huu ndio uliofanya jina la Kitale kujulikana mbali. Mjini humo ndipo Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka wa 1956, na ndipo kituo cha utafiti ambacho leo kiko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) kilipoanza kuboresha mahindi katika miaka ya 1950. Mtafiti Michael Harrison na wenzake walichukua aina ya kienyeji iliyoboreshwa, Kitale Synthetic II, wakaichanganya na aina iliyotoka Amerika Kusini, Ecuador 573. Mwaka wa 1964 zao la mchanganyiko huo, H611, lilitolewa kwa wakulima. Lilifuatwa na nyingine nyingi za mfululizo wa 600, ikiwemo H614 ambayo bado inatajwa sana na wakulima wa nyanda za juu.

Kuzalisha mbegu chotara ni kazi ya kuamua chavua gani ifikie ovuli ipi. Katika mashamba ya mbegu yanayozunguka Kitale, mistari kadhaa hupandwa kuwa mama na mingine kuwa baba. Kabla mbelewele za mistari ya mama hazijamwaga chavua, vibarua hupita wakizing'oa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kwa njia hiyo, ovuli za mama hulazimika kupokea chavua ya baba pekee. Shamba lenyewe hutengwa mbali na mahindi mengine, na Shirika la Kukagua Afya ya Mimea (KEPHIS) hulikagua kabla ya mbegu kuidhinishwa.

Mbelewele chache zikisahauliwa, ovuli nyingi hupotoka. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya mbegu chotara kuwa ghali kuliko nafaka ya sokoni ambayo kwa macho zinafanana kabisa.

Ni hapa pia ambapo swali la kurudia mbegu hupata jibu. Mmea uliotokana na mbegu chotara una nguvu kwa sababu umebeba urithi wa wazazi wawili tofauti. Lakini unapounda ovuli zake mwenyewe, hauwezi kuupitisha urithi huo mzima. Mhindi una jozi 10 za kromosomu, na kila ovuli hupewa moja tu kutoka kila jozi. Hata bila kuhesabu mchanganyiko mwingine unaotokea, kuna njia 1,024 za kugawa jozi hizo. Chavua nayo imegawanywa hivyo hivyo.

Kwa hivyo, punje mia tano za hindi moja chotara ni kama ndugu mia tano wasiofanana. Zikipandwa, shamba hutoka na mimea mirefu na mifupi, inayotangulia na inayochelewa, na nguvu ya pamoja hupungua. Wanaodhani kwamba makampuni huweka dawa ya kuua kizazi cha pili wamekosea. Mbegu huota vizuri. Kilichotawanyika ni urithi wake.

Punje za manjano ndani ya hindi jeupe

Jambo lingine linalowashangaza wakulima ni kupata punje za manjano zilizotapakaa kwenye hindi jeupe. Wapo wanaodhani kuwa waliuziwa mbegu mbovu. Mara nyingi, maelezo ni rahisi: jirani amepanda mahindi ya manjano, na upepo ukabeba chavua yake.

Akiba ya chakula iliyo ndani ya punje hutokana na mama na baba pamoja, na manjano hushinda weupe. Hivyo, rangi ya baba hujionyesha papo hapo, kwenye hindi la mama, bila kungoja kizazi kijacho. Kila punje ya manjano ni ovuli moja iliyotungishwa na chavua ya nje ya shamba.

Maharagwe ya Bungoma

Chini ya mahindi hayo hayo, katika mashamba ya Bungoma, mharagwe hufuata desturi nyingine. Ua lake hubeba sehemu za kiume na za kike pamoja, na kwa kawaida chavua hufikia stigma kabla ua halijafunguka vizuri. Ovuli hutungishwa na chavua ya ua lilo hilo. Kwa vizazi vingi mmea umekuwa ukijioa wenyewe, kwa hivyo ovuli zake zote hubeba urithi unaofanana.

Ndiyo maana mama anayechagua maharagwe mazuri kwenye mavuno yake na kuyaweka kwa msimu ujao huvuna maharagwe yale yale. Desturi hiyo ina msingi wa kisayansi. Hatari yake iko kwingine, katika magonjwa. Virusi vya batobato vya maharagwe huweza kupita kutoka mmea mama hadi kwenye mbegu, na bakteria wa baka jani huweza kubebwa ndani ya mbegu au juu ya ganda lake. Kwa sababu hiyo, mbegu ya kuhifadhiwa inafaa kutolewa kwenye mimea iliyokuwa na afya tangu shambani, wala si kuchaguliwa kutoka kwenye gunia kwa kutazama ukubwa pekee.

Kahawa ya mviringo na ndizi isiyo na mbegu

Mara nyingine ovuli inayoshindwa huleta faida. Wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon wanaijua buni ndogo ya mviringo inayouzwa katika daraja la PB. Ndani ya tunda lake, ovuli moja kati ya mbili ilikufa. Iliyosalia ikapata chumba chote, na kwa kukosa mwenzake wa kuegemea, ikakua mviringo badala ya kuwa bapa upande mmoja.

Ndizi nayo ni mfano wa ovuli zilizosamehewa kazi. Ndizi zinazoliwa hukua bila utungisho. Vile vitone vyeusi vinavyoonekana katikati ya ndizi mbivu ni mabaki ya ovuli ambazo hazikuwahi kuwa mbegu.

Mlango wa chakula unapofungwa

Safari ya ovuli huishia pale kalaza inapofungwa. Punje ya hindi inapofikia ukomavu, tabaka jembamba jeusi hujitokeza kwenye kitako chake, karibu na mahali inaposhikana na gunzi. Mkulima anaweza kuliona kwa kukwangua ncha ya punje kwa ukucha au kisu. Tabaka hilo likionekana, mmea mama hauwezi tena kuongeza chakula ndani ya punje.

Kabla ya hapo, kuvuna ni kujipunja uzito. Baada ya hapo, kinachobaki ni kukausha, kwa sababu punje wakati huo huwa bado na unyevu wa zaidi ya asilimia 30, ilhali hifadhi salama huhitaji takriban asilimia 13.5. Anayeifungia ndani ya gunia ikiwa mbichi hualika ukungu na sumu yake, aflatoksini.

Kwa hivyo, gunzi lenye mapengo halipaswi kutupwa jikoni likawa kuni kabla halijatazamwa. Linaonyesha ni ovuli zipi zilikosa chavua na zipi zilikosa chakula. Mkulima atakayelisoma kabla ya msimu ujao atajua kama anahitaji kubadilisha tarehe ya kupanda, mbolea au mbegu, badala ya kubadilisha vyote kwa kubahatisha.